Mkono wa Tatu wa Fundi Pia

Ukiingia nyumba nyingi za mtaa ule ukakuta kitanda chenye miguu ya mabonde na vilima, kiuno chembamba kama cha nyigu na chini yake tumbo la mviringo kama chungu, hukuwa na haja ya kuuliza nani kakereza. Ni Pia. Jina hilo si la kuzaliwa. Alilipata ujanani, kwa sababu saa ya chai, wenzake wakipiga soga, yeye aliokota kipande cha mti kilichotupwa, akakibana kwenye mashine, na kabla chai haijapoa pia ilikuwa inazunguka mezani na watu wazima wenye ndevu wakiishindania kama watoto. Wakamwita Pia, kisha Fundi Pia, na hata mke wake alimwita hivyo akitaka kumtania. Siku za kawaida alimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wao wawili waliozaliwa kwa mkupuo mmoja na kuolewa kila mmoja upande wake.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya soko la mbao, lenye milango miwili mikubwa isiyofungika sawasawa. Mwenye karakana aliitwa Tajiri, si kwamba alikuwa nazo za kutupa, ila mwenye kazi ndivyo anavyoitwa. Mashine ya kukerezea ilikaa pembeni, karibu na dirisha. Ilikuwa kuukuu. Mota yake ilitoka kwenye kinu cha kusagia nafaka, mkanda wake ulikuwa wa gari, na nusu ya vitu vilivyofungwa juu yake vilitoka mikononi mwa Fundi Pia mwenyewe. Sahani ya kubania vitu vipana aliitengeneza kwa gurudumu la pampu mbovu ya maji. Patasi zake zilikuwa tupa zilizochakaa na vipande vya springi za lori, alivyovinoa mpaka vikanyoa vinyweleo vya mkono. Alipoambiwa kuna duka linauza vifaa vizuri, alicheka.

"Vya dukani vimetengenezewa mashine za dukani," alisema. "Hii yangu imefanyiwa operesheni nyingi mno, hata mama yake mzazi hawezi kuitambua."

Alifanya kazi hapo miaka ishirini na saba, na kama si kidole gumba angefanya mingine.

Kidole hicho kilikuwa cha mkono wa kulia. Kilianza kujisugua kwenye kidole cha shahada bila kuambiwa, polepole, kama mtu anayesokota uzi. Mke wake ndiye aliyekiona kwanza, wakiwa mezani.

"Baba Pacha, unasokota nini?"

"Sisokoti kitu."

Kisha naye akautazama mkono wake, akaukuta kweli unasokota. Akaukalia. Tangu siku hiyo akawa na tabia ya kuukalia mkono wa kulia kila anapokaa, na mke wake akawa na tabia ya kutoutazama.

Ajabu ni kwamba ukishika patasi mkono ulitulia. Ulikuwa unatetemeka ukiwa hauna kazi, na Fundi Pia akajiambia kuwa basi ni uvivu tu, dawa yake ni kazi. Alijidanganya hivyo kwa muda wa mwaka hivi. Halafu asubuhi moja, akikereza mguu wa meza, alikuwa ameiegemeza patasi kwenye chuma chake na kuituliza ili aanze kuchonga shingo, na katika kule kutulia mkono ukaamka. Patasi iling'ata. Mti uliruka kutoka kwenye mashine, ukagonga ukuta wa mabati kwa kishindo kilichowafanya mafundi wote wazime mashine zao. Hakuna aliyecheka. Mtu akimwaga chai watu hucheka, lakini fundi wa namna ile akirukwa na mti watu hunyamaza.

"Kifundo," alisema Fundi Pia. "Mti ulikuwa na kifundo ndani."

Kifundo hakikuwepo. Aliukata ule mguu vipande vipande kabla mtu hajapata nafasi ya kuutazama, akavitupa kwenye ndoo ya kuni.

Wiki hiyo hiyo alitengeneza mpini mpya. Alichukua kipande cha bomba la maji, kirefu kama mkono mzima wa mtu, akapachika patasi upande mmoja kwa kabari, akalijaza bomba mchanga mkavu na kuliziba. Patasi ilikuwa nzito kama nondo. Mkono wa kulia ulipoibeba ulishindwa na uzito, ukakosa nguvu ya kutetemeka, na kazi ikatoka safi.

"Fundi, hiyo ni patasi au mtutu?" wenzake walimtania.

"Miti ya siku hizi migumu," alijibu.

Mpini huo ulimpa miezi mitano. Mkono ulipozoea uzito, alitengeneza egemeo jipya: vyuma viwili vya pembe vilivyolazwa pamoja na kuachwa mwanya katikati, ili patasi ipite humo kama gari ndani ya mtaro, isiweze kuruka juu wala kushuka. Hilo nalo likampa muda. Kwa Tajiri na kwa mafundi, hii ilikuwa akili ya Fundi Pia ikiendelea kuchemka kama zamani. Walivishika vile vifaa, wakavigeuza, wakasema ng'ombe hazeeki maini. Yeye alitikisa kichwa na kutabasamu, na tabasamu lenyewe siku hizo lilichelewa kufika, likifika linabaki nusu.

Hospitali alikwenda kwa sababu mke wake alimvalisha viatu na kumtoa mlangoni. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyemwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, atembee hadi ukutani na kurudi, halafu aandike sentensi yoyote anayopenda. Fundi Pia aliandika: mti mbichi haukerezwi. Herufi zilianza kubwa, zikapungua, zikapungua, na neno la mwisho likawa kama mchwa waliopangana. Daktari aliitazama karatasi ile muda mrefu kuliko alivyoitazama mikono.

"Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu," alimwambia. "Hauambukizi, na wala si laana ya mtu. Dawa ipo ya kupunguza. Ya kuponya haipo."

"Kupunguza mpaka lini?"

"Kwa muda."

Njiani kurudi mke wake alimshika mkono, jambo ambalo hawakuzoea kufanya barabarani. Hakusema pole wala nini. Alisema tu, "Tajiri tusimwambie kwanza," na Fundi Pia akashukuru kimoyomoyo kwamba ni yeye aliyelitamka.

Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Mle karakanani alikuwepo mama mmoja mjane, mwenye mikono mikavu na kicheko kikubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga msasa kila kilichotoka kwenye mashine ya Fundi Pia kabla hakijapakwa vanishi. Jina lake likawa Mama Msasa. Miaka tisa alikuwa ameupapasa mti wa Fundi Pia, na vidole vyake viliujua kama mtu anavyoujua mgongo wa mtoto aliyembeba. Siku moja mchana, wenzao wametoka kula, alimfuata na nguzo ya ngazi mkononi.

"Kaka, nikuulize kitu usinikasirikie."

"Uliza, dada."

"Mti wako una mawimbi."

Fundi Pia akaketi, akaukalia mkono wake wa kulia.

"Macho hayayaoni," aliendelea Mama Msasa, "lakini mimi nayasikia. Madogo madogo, kama maji yakipulizwa. Zamani nilikuwa napitisha msasa mara moja tu, kwa heshima. Siku hizi napitisha mara tatu. Yapata mwaka sasa. Unaumwa nini?"

Fundi Pia aliutoa mkono wake wa kulia chini ya paja na kuuweka juu ya benchi mbele yake. Wote wawili wakautazama ukisokota.

"Tangu lini?"

"Kabla ya ule mpini wa bomba."

"Basi nitaendelea kupitisha mara tatu," alisema Mama Msasa, akarudi kwenye kiti chake.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo Fundi Pia alipowaza kitu kikubwa. Aliona kwamba kuupa mkono uzito ni kuuchelewesha tu, na kuujengea mtaro ni kuuchelewesha vilevile. Lililobaki ni kuutoa kabisa. Patasi ishikwe na chuma, na chuma hakitetemeki.

Alimwomba Tajiri ufunguo wa siku za Jumapili, akisema ana kitu anataka kukijaribu. Tajiri alimpa bila kuuliza. Jumapili ya kwanza alilaza mabomba mawili ya chuma sambamba, mbele ya mashine, kama reli. Juu yake akaweka kigari kidogo kinachoteleza kwa beringi za pikipiki. Kwenye kigari akafunga patasi fupi kwa bolti nne. Chini ya patasi akaweka kidole cha chuma, na kidole hicho kikagusa ukingo wa ubao wa plaiwudi uliokatwa kwa umbo lile lile la nguzo inayotakiwa, viuno na matumbo yake yote. Springi ya mlango ilikivuta kigari kisiachane na ule ubao. Ukikisukuma kigari toka kushoto kwenda kulia, patasi inaingia pale ubao unapoingia, inatoka pale unapotoka. Kazi ya mtu ikabaki moja tu, kusukuma.

Ukisimuliwa hivi utadhani kilijengeka kwa siku moja. Zilipita Jumapili kumi na moja. Fundi wa kuchomelea wa banda la jirani alimuungia vyuma, akilalamika kwamba hata padri siku hiyo anapumzika baada ya misa. Mama Msasa alikuja bila kuitwa, kwa sababu nati ndogo zilikuwa zinamponyoka Fundi Pia na kupotelea kwenye maranda, na kila moja ilimgharimu robo saa ya kupiga magoti. Yeye alishika, akaingiza, akakaza. Fundi Pia alieleza. "Si hapo, dada. Nusu uzi nyuma. Hapo hapo."

Walipokijaribu mara ya kwanza kilipiga kelele kama nguruwe na kuunyofoa mti badala ya kuuchonga. Fundi Pia alibadilisha patasi, akainoa upya, akabadilisha mkanda. Kelele ile ile. Jumapili mbili nzima alikaa kwenye kiti akikitazama tu, na Mama Msasa akaanza kuleta ufumaji wake ili asikae bure. Ya tatu akagundua kwamba ncha ya patasi ilikuwa chini ya moyo wa mti unaozunguka, kwa unene wa ukucha tu. Akakata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la rangi, akakiingiza chini ya patasi, akawasha. Maranda yakatoka marefu, membamba, yakijikunja kama nywele, na chini yake nguzo ikajitokeza yenyewe, kiuno, tumbo, shingo. Mama Msasa aliipapasa ingali na joto.

"Haina wimbi," alisema. "Kaka, haina hata moja!"

Fundi Pia alikaa chini akalia. Mama Msasa akageuka, akazifagia nati zote kutoka mezani na kuanza kuzipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

Jumatatu Tajiri alikizunguka kile kitu mara nne.

"Fundi! Akili hii ulikuwa umeificha wapi siku zote?"

"Shida ni mwalimu," alijibu Fundi Pia.

"Kinaitwaje?"

"Hakina jina."

Mafundi wakakiita Mkono wa Tatu, na jina likakaa. Tajiri alikuwa mtu wa kuona mbali, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameleta kazi ya nguzo mia tatu na sitini za ngazi, za jengo moja kubwa, zote ziwe sawasawa kama mayai ya kuku mmoja. Kwa mkono wa binadamu isingewezekana kwa muda ule. Fundi Pia aliifanya. Kwa miezi saba alikuwa mtu mwenye kazi kama watu wengine, akaenda asubuhi na kurudi jioni na vumbi kwenye nyusi, na mke wake akaanza tena kumwita Pia.

Ila ugonjwa haukuwa umeahidi kubaki mkononi. Uliingia miguuni. Akawa anatembea kwa hatua fupi za kuburuta, na mlangoni alisimama kabisa, kana kwamba kuna kamba imefungwa hapo. Uso wake ukakauka. Watu walidhani amenuna. Sauti ikapungua mpaka wenzake wakaacha kumuuliza mambo, si kwa ubaya, ila kwa kuona tabu kumrudisha arudie. Kubadilisha mti kwenye mashine kulimchukua muda mrefu kuliko kuukereza. Bolti zikamshinda zote, si zile ndogo tu. Mama Msasa akawa anaacha msasa wake na kuja kukaza, kisha kufungua, kisha kukaza, na mwishowe, yeye akiwa tayari amesimama pale, ilikuwa rahisi zaidi asukume na kigari.

Siku ya kliniki Fundi Pia hakwenda kazini. Tajiri alipopita saa za mchana alikuta nguzo kumi na nane zimepangwa ukutani.

"Hizi nani kakereza?"

"Mkono," alisema Mama Msasa kwa utani, kisha akaona uso wa Tajiri ukifikiri, na utani ukamwisha.

Alimsimulia Fundi Pia mwenyewe kesho yake, neno kwa neno, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha.

Kilichomaliza mambo ni shati. Alikuwa ameinama kutazama kama ubao wa plaiwudi umelegea, mashine ikizunguka, na mwili ukamtangulia mbele kama ulivyoanza kufanya, bila yeye kuuzuia. Ukingo wa mkono wa shati ulikamatwa na mti. Ulimvuta mara moja, kwa nguvu ya punda. Mama Msasa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye swichi na alizivuka kwa mruko mmoja, akazima mashine. Shati lilipasuka hadi begani, na ngozi ya vifundo vya vidole ikaondoka. Angeweza kupoteza mkono. Angeweza kupoteza zaidi ya mkono.

Tajiri alimpeleka kufungwa bendeji yeye mwenyewe, kwa gari lake, akamrudisha karakanani, akafunga mlango wa ofisi.

"Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Ndiyo."

"Sitaki kukuzika. Unanielewa? Sitaki kwenda kwa Mama Pacha kumwambia neno ambalo siwezi kulirudisha. Kapumzike."

"Mkono wa Tatu ni wangu," alisema Fundi Pia. Ilimbidi aseme mara mbili ndipo asikike.

Tajiri alitazama meza. "Vyuma ni vya karakana, Fundi, na mabomba ni ya karakana. Lakini sitaki tuvutane, ukiutaka nitaufungua leo na kukuletea nyumbani kwako. Sasa niambie: utaufunga wapi? Na nani atakukazia bolti?"

Alingoja jibu kwa haki kabisa. Fundi Pia alifikiria chumba chao na sebule yao, kabati, vitanda, dirisha moja. Halafu akasema uachwe pale pale.

Alilipwa chake chote, na mafundi walimsindikiza hadi barabarani, wakienda polepole kwa kumfuatisha, msafara wa wanaume wazima ukienda mwendo wa kinyonga.

Alasiri ya Jumamosi Mama Msasa alifika nyumbani kwao. Mke wa Fundi Pia alimwandalia kiti. Mgeni hakukaa.

"Kaka, Tajiri ameniambia nikamate mashine kuanzia Jumatatu. Nimemjibu nitaleta jibu. Nikatae?"

Fundi Pia alijua anachotakiwa kusema. Mjane, ana mtoto bado anasoma, miaka kumi anameza vumbi la msasa ambalo lilikuwa limeanza kumkohoza. Na bila vidole vyake kile kifaa kisingekuwepo. Yote hayo aliyajua. Akafungua mdomo.

"Kataa," alisema.

Mke wake, aliyekuwa akikunja nguo, hakuinua macho.

"Baba Pacha, wifi akikataa, Jumanne analetwa mwingine. Wewe unalijua hilo."

"Ameuliza. Nimemjibu."

"Nimekusikia, kaka," alisema Mama Msasa. Aliaga kwa adabu, akamshukuru mwenye nyumba, akaondoka. Jumatatu alikuwa kwenye mashine.

Miezi minne Fundi Pia hakutaka Mama Msasa atajwe mbele yake. Alijaribu kuyajaza masaa. Alijitengenezea kijiko kizito kwa bomba na risasi, akala nacho bila kumwaga kwa wiki kadhaa, halafu akarudi kulishwa. Alijaribu kumchorea fundi wa kuchomelea ramani ya kifaa kingine alichokuwa amekiwaza, lakini michoro yake ilikuwa imepungua kama herufi zake, na yule bwana aligeuza karatasi juu chini, chini juu, akaikunja kwa heshima na kuitia mfukoni. Baadaye ilijulikana kwamba yule yule fundi wa kuchomelea, ambaye kila chuma alikiunga kwa mikono yake, alikwenda kwa Tajiri na tepu, akapima Mkono wa Tatu, na kuanza kuwaundia watu. Karakana moja ikachukua, kisha ya pili, kisha huko mbali.

Kliniki, kwenye benchi la kungojea, aliketi karibu na seremala mmoja mgeni mwenye kidole kilichofungwa. Yule mtu alikuwa msemaji.

"Mzee, kuna kifaa kimetoka siku hizi cha kukerezea," alisema. "Hakihitaji ufundi. Unasukuma tu. Aliyekibuni ana akili, sijui ni nani."

Fundi Pia alivuta pumzi, akakusanya sauti yote aliyokuwa nayo.

"Ni mimi, Pia."

"Aa, na wewe pia unacho?" alisema seremala kwa furaha. "Kizuri sana, eti? Kimetuokoa."

Mke wake, upande wa pili, alitaka kusema. Fundi Pia alimgusa gotini, na wakaitwa ndani.

Mama Msasa alirudi mwaka wa pili, siku aliyosikia kwamba wanahama. Binti mmoja alikuwa ameamua baba na mama wakae kwake, maana mama peke yake hawezi tena kumnyanyua. Nyumba ilikuwa imejaa vifurushi. Mama Msasa alikuwa amekonda, lakini kikohozi kilikuwa kimepungua. Alileta nguzo moja, ndefu, ya mti mweusi, akaiweka mapajani mwa Fundi Pia.

"Hii sikuikereza kwa kile kifaa," alisema. "Nimeifanya kwa patasi zako ulizoziacha karakanani, kwa mkono. Nimeharibu nyingi. Nataka unambie kama ina mawimbi."

Aliiona kwa macho kuwa imechongwa vizuri, shingo ilikuwa nene kidogo. Akaipitishia vidole kutoka juu. Vidole vilitetemeka juu ya mti, na mti, au vidole, kimoja kati ya viwili hivyo, kilikuwa na mawimbi toka mwanzo hadi mwisho. Hakuweza kujua ni kipi. Akarudia. Akajaribu mkono wa kushoto, ambao nao ulikuwa umeshaanza.

"Je, kaka?"

"Iko sawa," alisema.

Mama Msasa alimtazama usoni, ambapo siku hizo hapakuwa na cha kusoma, akaichukua nguzo yake na kumsaidia mke wa Fundi Pia kufunga mabegi.

Kwa binti waliishi chumba cha nyuma, chenye dirisha la uani. Patasi walikuwa wamemwachia Mama Msasa, zote. Wajukuu walimzoea babu yao kama watu wanavyozoea saa ya ukutani. Walimbusu asubuhi, wakamkimbia mchana. Binti alikuwa mwema na aliyechoka. Dawa ilifanya kazi kwa saa mbili, halafu kwa saa moja na nusu, na katikati ya hapo alikaa pale alipowekwa, akisikia kila kitu, akielewa kila kitu.

Asubuhi ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Mke wake aliamka kabla yake, akamgeuza ubavu, akamkalisha, akamvalisha shati na kufunga vifungo kuanzia chini. Kisha akasimama mbele yake na kumshika mikono yote miwili, na wote wawili wakangoja miguu ikubali.

"Leo tuanze na mguu gani?" alimuuliza.

"Wowote."

"Basi wa kushoto. Haya. Moja."

Mguu haukwenda. Akamwambia tena, moja.